Shafti kukatika palepale kila mara: angalia kona
Mkuu, umesema shafti inakatika palepale kwenye ngazi, pale kipenyo kinapopungua, umeongeza unene na bado imekatika. Shida hapo sio unene, ni ile kona kali. Chukulia mkazo, yaani nguvu inayobebwa na kila eneo dogo la chuma, kama maji ya mto, yakifika penye kubana ghafla yanasongamana, kwa hiyo tafuta popote umbo linapobadilika ghafla, kona, tundu, mwisho wa weldi, hata mkwaruzo ulioachwa na kisu cha kukerezea. Tundu dogo la duara tu kwenye bati pana linalovutwa, mkazo wa ukingoni unafika kama mara 3 ya ule wa kawaida, sasa we fikiria kona yenye ncha!

Kama unapima mkazo kwa programu ya kompyuta kuwa makini, kona ya ndani isiyo na mviringo namba yake ya mkazo inazidi kupanda kila ukikaza meshi (vile vipande vidogo ambavyo programu inaligawa umbo), haitulii ng'o, usiiamini. Chora mviringo halisi kwanza.

Alafu usitupe kile kipande kilichokatika bana. Kama ni uchovu wa chuma, yaani ufa uliokua kidogo kidogo kwa mzigo unaojirudia, mara nyingi utaona mistari kama ile inayoachwa na maji ufukweni yakipwa, ifuate kurudi nyuma mpaka pale ufa ulipoanzia. Mi ningeanza na hapo kabla hata ya kuwasha kompyuta.