Shavu la mguu linabana akitembea: mzee aendelee au apumzike?

Mkuu, umesema mzee wako kaambiwa mishipa ya damu ya miguuni imekuwa myembamba, kapewa dawa na kuhimizwa atembee, lakini akifika dukani tu shavu la mguu linabana, anaogopa kujiumiza, sasa anashinda barazani. Mimi niko Tabora, mwaka wa nne huu naishi na ugonjwa huo huo.

Kwangu walipima presha ya kifundo cha mguu wakaigawanya kwa ya mkononi. Chini ya 0.90 tayari ni tatizo. Yangu ilikuwa 0.64. Sigara miaka 26. Huku kwetu tumbaku imetusomesha wengi, mimi ikarudi kunidai miguu.

Hiyo hofu niliijua. Kumbe mguu hauharibiki, ni msuli unalilia damu isiyofika ya kutosha. Ukizoezwa, unajifunza kutumia vizuri hicho kidogo kinachofika. Kwa hiyo daktari akishamwangalia na moyo, atembee mpaka ubane hasa, asisimame unapoanza tu kuuma. Hapo ndipo asimame hadi maumivu yapoe kabisa, kisha aendelee. Nusu saa mwanzoni, polepole afike dakika 45 au saa nzima, angalau siku 3 kwa wiki.

Barabara yangu ina miembe. Wiki ya kwanza nilikamatwa mwembe wa tatu, nikauegemea kama namsubiri mtu, majirani wasiulize. Mwezi mzima sikuona tofauti, nusura niache. Wiki ya 12 nikaufikia wa tisa bila kusimama! Msimu wa kilimo nikajidanganya kwamba jembe linatosha. Miezi miwili tu, nimerudi mwembe wa nne. Tangu hapo mvua au jua, natoka.

Dawa asiache, sigara aache. Avae viatu vya kufunika vidole, akague nyayo kila jioni, hasa kama ana sukari. Mguu ukimuuma usiku amelala, au akapata kidonda kisichopona, aende hospitali bila kungoja. Mguu ukiwa wa baridi ghafla na kubadilika rangi, mkimbizeni saa hiyo hiyo. Kifua kikibana njiani, vivyo hivyo.

Siku za mwanzo asiende peke yake. Mimi mjukuu alikuwa ananifuata na kigoda, nikibanwa nakaa. Siku hizi anakikalia yeye pale mwembe wa kwanza, anacheza na simu yangu mpaka nirudi.