Mshale wa mizunguko unaporukaruka kwenye MGB: fuata waya mweupe kabla ya kuagiza mita

Ndugu yangu wa Makambako, umeeleza kwamba mshale wa mizunguko ya injini kwenye MGB yako, lile gari dogo la michezo la Uingereza, hurukaruka, huanguka hadi sifuri kisha hurudi, na kwamba fundi amekushauri uagize mita nyingine kutoka Uingereza. Nakuomba usitume fedha kwanza. Gari langu, MGB ya mwaka 1966 niliyoachiwa na baba mdogo aliyefanya kazi kwenye mashamba ya chai ya Mufindi, lilinisumbua vivyo hivyo kwa miezi minne, na kosa halikuwa ndani ya mita.

Mita ya Smiths ya miaka ile, yenye herufi RVI usoni, haichukui ishara kwenye koili (kifaa kinachokuza umeme wa cheche za plagi), upande wa platini (vidomo vinavyounganisha na kukata umeme huo), kama zinavyofanya zile za baadaye za RVC. Waya mweupe unaotoka kwenye swichi ya kuwashia hupita kwanza nyuma ya mita, ukapiga kitanzi hapo, ndipo uende kwenye koili. Kwa hiyo umeme wote unaolisha koili hupita mgongoni mwa mita, na kila platini zinapofunguka umeme huo ukakatika, mita huhesabu. Injini ya silinda nne hupiga cheche mbili kwa kila mzunguko, hivyo silensa (injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta) ya mizunguko 900 ni mikatiko 1,800 kwa dakika. Umeme ukifika kwenye koili kwa kusitasita, mita huwa ya kwanza kulalamika.

Ndiyo sababu swali la kwanza ni hili: mshale unapoanguka, injini nayo hufanya nini? Ikiendelea kunguruma sawasawa, kagua waya unaoipa mita umeme wake yenyewe, ambao kwenye gari langu ni wa kijani na hupitia fyuzi, pamoja na waya wake wa bodi. Injini ikikwama hata kidogo kwa wakati uleule, tatizo liko kwenye njia ya koili. Mimi nilikuwa nikipanda kutoka Uyole kuelekea Tukuyu asubuhi yenye ukungu, nikaona mshale unalala na kuhisi gari linasita pamoja nao, lakini sikuunganisha mambo hayo mawili; nikabadilisha plagi na kondensa bure kwa mwezi mzima.

Hatimaye nilipima. Zungusha injini kwa mkono hadi platini zifungane, geuza ufunguo ili swichi ipitishe umeme, kisha weka ncha moja ya multimita pale waya mweupe unapotoka kwenye swichi na nyingine pale unapoingia kwenye koili. Fanya haraka, kwa sababu koili hupata moto ikiachwa hivyo. Waya usio na kasoro hauli, yaani haupotezi njiani, hata robo ya volti. Wangu ulikula volti 1.4. Niliufuata kwa vidole chini ya dashibodi hadi nikagusa kiungo chenye joto kama kikombe cha chai. Kumbe mtu alikuwa amefunga swichi ya siri ya kuzuia wezi, akakata waya mweupe, akausokota na kuuzungushia selotepu nyeusi. Nilipoibandua, shaba ilikuwa imeota kutu ya kijani, na nyuzi tatu tu ndizo zilizokuwa bado zinang'aa. Nilikata sehemu mbovu, nikalehemu waya mpya wa unene uleule, na kipimo kikashuka hadi volti 0.1. Mshale umetulia tangu siku hiyo.

Angalia pia betri. MGB zilizotengenezwa kabla ya mwishoni mwa 1967 zilitoka kiwandani zikiwa na upande wa chanya wa betri umefungwa kwenye bodi, na fundi aliyezoea magari ya Kijapani anaweza kuigeuza kwa nia njema kabisa, jambo linaloweza kuua saketi ya mita. Vilevile, ukiwa umeondoa platini na kufunga moduli ya kielektroniki mahali pake, RVI inaweza kusoma ovyo ingawa ni nzima.

Mita ihukumiwe baada ya hayo yote, na hata hapo fundi wa redio mwenye mkono mwepesi anaweza kubadilisha kapasita iliyozeeka ndani yake. Pima waya mweupe leo ukipata nafasi, kisha uniandikie hapa volti ulizosoma, mwaka wa gari, na upande wa betri uliofungwa kwenye bodi.