Msiba tunauweza, kodi ndo inatushinda

Swali lenu la wiki hii mmeuliza jirani akipoteza kazi hapa mjini, kodi imeisha na jikoni hamna kitu, mtaa umsaidieje. Mimi naishi Sombetini hapa Arusha, ni fundi cherehani na pia ni mweka hazina wa kikundi cha kufa na kuzikana cha mtaa wetu, kwahiyo hili swali daftari langu lilishaanza kulijibu kabla hamjauliza.

Nianze na neno ambalo wengine hawatalipenda. Tunajisifu sana kwamba tunasaidiana, sijui undugu sijui ujirani mwema, lakini ukiangalia vizuri tunasaidiana kwenye msiba na harusi basi, na sababu sio upendo, ni kwamba vina utaratibu. Mtu akifa alfajiri, saa mbili asubuhi turubai limeshasimama, viti vimefika, wamama wanachambua mchele na kuna mtu mlangoni na daftari anaandika majina na hela, na ambaye hajaandikwa anajulikana. Hakuna anayekaa kujiuliza afanye nini. Sasa marehemu huyohuyo miezi mitatu nyuma alikua anadaiwa kodi na watoto wanalala na uji mweupe na hakuna aliyemfata, maana shida ile haina daftari wala turubai. Kwahiyo jibu langu ni hilo, njaa na kodi navyo viwekewe utaratibu kama msiba.

Mji wetu unakula utalii hilo kila mtu anajua. Juni mpaka Oktoba mambo yanaenda, Desemba tena yanachangamka, alafu masika inaingia, Aprili na Mei kambi nyingi za porini zinafungwa, wapagazi wa mlima wanakaa vijiweni, wapishi wanaambiwa nendeni nyumbani tutawapigia, madereva wanaosha magari yasiyoenda popote. Na haiishii kwao, mimi msimu naujua kwa vitambaa, mke wa mpishi haji kushona mwezi wa tano, na mama wa genge kule Mbauda atakwambia hivohivo kuhusu nyanya. 2020 korona ilivoingia na ndege zikasimama ndo tuliona laivu, watu tuliokua tunawaona wana maisha yao mazuri wakawa wanahama usiku. Kuhama usiku ni godoro na sufuria kwenye guta saa nane, watoto wanavutwa mkono na usingizi wao, asubuhi mwenye nyumba anakuta mlango uko wazi.

Kodi hapa ni miezi sita kwa mkupuo, mwenye huruma anakubali mitatu. Chumba cha elfu hamsini ni laki tatu uzitoe siku moja, mtu anayelipwa kwa safari atazitoa wapi masika? Na tangu uwanja wa AFCON 2027 uanze kujengwa hapa mjini kila anayepandisha kodi anasema AFCON, utadhani Senegal watakuja kupanga chumba kimoja choo cha nje. Ndo hapo mtu anakimbilia kausha damu, riba ya kila wiki, ukichelewa wanabeba friji, godoro, fundi mwenzangu walibeba cherehani ambayo ndo ilikua inamlipia huo mkopo wenyewe. Au zile programu za mikopo za kwenye simu, ukipitisha siku mbili wanampigia bosi wako, shemeji na mchungaji kuwatangazia deni. Benki Kuu mwaka 2024 ilitoa orodha ya 69 zinazokopesha bila leseni, ila mwenye mtoto anayelia njaa hakai kusoma orodha.

Sisi tulifanya hivi. Kikundi kina maturubai, viti na masufuria makubwa, na vikikaa bure tunakodisha kwenye vipaimara, kicheni pati na vikao vya harusi. Hela hiyo zamani ilikua inaingia kwenye mfuko wa msiba, tukaamua ikae pembeni, tunaiita dharura. Mwanachama akikwama anamwambia mmoja wetu tu, mimi, mwenyekiti au mjumbe, hasimami kwenye kikao kujieleza. Hapa tulibishana kweli, maana kuna wazee walitaka mtu aje aseme shida yake mbele ya wote. Niligoma. Mwanaume wa Chuga, yani hapa Arusha, atalala na njaa wiki nzima kabla hajasimama mbele ya wamama kusema nyumbani hamna unga.

Akishasema, hatukimbilii kutoa hela. Tunaenda kwanza kwa mwenye nyumba, watu wazima wawili pamoja na mjumbe, hodi, shikamoo mzee, tunakunywa chai yake, tunaulizia wajukuu, ndo tunaomba huyu kijana alipe mwezi mwezi mpaka msimu ufunguke, na mwezi wa kwanza tunaulipa sisi leo. Wengi wanakubali, na nadhani hii ina thamani kuliko hela yenyewe. Wenye nyumba wa huku sio matajiri mnaowafikiria, ni mjane au mstaafu ambaye hiyo kodi ndo dawa yake ya presha, anachoogopa sio kucheleweshewa, anaogopa kuhamwa usiku. Akiona mpangaji ana watu nyuma yake anatulia. Hela tunamtumia mwenye nyumba kwa simu moja kwa moja, maana ikipita mkononi mwa mtu inakutana na ada, dawa, wakati mwingine bia. Haina riba, unarudisha ukipata, kidogo kidogo.

Chakula tunamalizana na Mangi dukani. Daftari la madeni analo tayari, sisi tunamtajia nyumba tu, anatoa unga, maharage, mafuta ya kupima, sukari na sabuni kwa kiwango tulichokubaliana, mwisho wa mwezi tunamlipa. Soda na sigara hazimo. Mtoto anatumwa dukani anarudi na mfuko kama watoto wengine, basi. Sio kama wale wa misaada ya picha, bibi amesimamishwa jua la saa saba, mfuko wa sembe kilo tano umeshikwa na watu sita wanaotabasamu. Bibi wa hivo safari nyingine ukimuuliza atakwambia ameshakula.

Alafu mkitaka kujua nani ana njaa mtaani waulizeni wanawake wa jikoni msibani. Kuna watu wanakuja mpaka misiba ya wasiowajua, wanachota maji, wanaosha masufuria, wanakula pilau na kuwabebea watoto. Wapishi wote wanawajua na hakuna anayewauliza kitu, mtu anafungiwa tu kwenye mfuko anaenda zake. Dharura ilivoanza nyumba za kwanza kwenda kuulizia hali zilikua hizohizo.

Kazi ndo ngumu, sina uongo hapo. Kinachoniudhi ni watu wa kusema jiajiri, fursa zipo, unamwambia mtu asiye na nauli ya daladala awe mjasiriamali. Tunachoweza ni kibarua cha siku. Mwanachama mwenye banda Kilombero gari la viazi likiingia anawaita wa kwetu kwanza kushusha. Mpishi mmoja wa kambi alipika shughuli zetu masika nzima, tukamlipa bei ileile tunayowalipa wapishi wa nje, msimu ulivofunguka akarudi porini.

Na serikali je? Ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, haina riba na ni nzuri, ilisimama 2023 ikarudi 2024, ila ni mtaji wa biashara kwa vikundi, mpaka ipite kwenye karatasi zote mwenye nyumba ameshabadilisha kitasa. TASAF, ule mfuko wa serikali, ni wa kaya maskini kabisa, na aliyekosa msimu mmoja hayumo. Ambacho ofisi ya mtaa inaweza kufanya bila shilingi ni mtendaji kuwaita wenye nyumba kikao kimoja mwezi wa tatu, wakubaliane Aprili mpaka Juni watu walipe mwezi mwezi, na iandikwe, maana wapangaji wengi hata mkataba hawana.

Na wapangaji wapya bado hatujawapata, mtu anajua atahama baada ya miezi sita kwahiyo haoni kwanini achangie mazishi ya huku, tunafikiria tuwaingize kwenye dharura peke yake kwa mchango mdogo. Hilo liko kwenye kikao cha mwisho wa mwezi huu, pamoja na hoja ya baadhi ya wajumbe wanaotaka tuweke riba kidogo eti mfuko ukue. Nimeshawaambia siku mkiweka riba mtafute mweka hazina mwingine, na funguo za stoo ya viti ninazo mimi.