Maswali ya Wasomaji: Je, Kilatini Kilikufa Kweli?

SWALI: Mwalimu wetu wa biolojia alitueleza kwamba Kilatini ni lugha iliyokufa, na dakika chache baadaye akatuandikia ubaoni majina ya mimea kwa Kilatini hichohicho. Lugha hiyo ilikufa lini, na kwa nini bado inatumika? (Mwanafunzi wa sekondari)

JIBU: Tarehe ya kifo haipo, kwa sababu Kilatini hakikupata kuwa na msemaji wa mwisho aliyezikwa nacho. Kilianzia Latium, eneo dogo linaloizunguka Roma, kikaenea pamoja na majeshi, wafanyabiashara na mahakama za Dola ya Kirumi. Na dola hiyo ilipoanguka upande wa magharibi mwaka 476, watu hawakuamka kesho yake wakisema lugha nyingine. Waliendelea kusema walichokisikia kwa wazazi wao, kila eneo likibadili matamshi na sarufi polepole, hata baada ya karne kadhaa majirani wa zamani wakawa hawaelewani tena. Ndipo tunapokuta Kiitalia, Kifaransa, Kihispania, Kireno na Kiromania.

Jambo linalonivutia zaidi ni kwamba lugha hizo zilirithi Kilatini cha mitaani kuliko kile cha washairi. Vitabuni farasi aliitwa equus, lakini watu wa kawaida walisema caballus, yaani farasi wa kazi, na neno hilo ndilo lililozaa cavallo la Kiitalia, caballo la Kihispania na cheval la Kifaransa. Moto uliitwa ignis, ila neno lililodumu vinywani ni focus, lililomaanisha meko, nalo leo ni fuoco, fuego na feu. Urithi huu tumeachiwa na wachukuzi na wapishi, ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Kilatini cha maandishi kilishika njia yake. Mwaka 813 mtaguso (mkutano mkuu) wa maaskofu uliofanyika Tours, mji wa Ufaransa ya leo, uliagiza mahubiri yatolewe kwa lugha ambayo waumini wanaielewa, ishara kwamba Kilatini cha kanisani kilikuwa kimeshawapita. Tangu hapo kikawa lugha ambayo hakuna mtoto aliyeipata kwa mama yake. Kila mtu alijifunza kwa mwalimu, na kwa hiyo hakuna taifa lililoweza kudai kuwa ni yake. Copernicus wa Poland alipochapisha hoja yake kwamba dunia huzunguka jua mwaka 1543, Harvey wa Uingereza alipoeleza mzunguko wa damu mwaka 1628, na Newton alipoandika kuhusu mvutano mwaka 1687, wote waliandika Kilatini, wakasomwa kote Ulaya bila kumhitaji mfasiri.

Majina uliyoyaona ubaoni yanatokana na desturi hiyo. Mwaka 1753 Carl Linnaeus wa Uswidi aliipa mimea majina mafupi ya maneno mawili, jenasi na spishi, badala ya maelezo marefu yaliyotumika kabla yake. Mwembe ni Mangifera indica, maana yake “izaayo embe, ya India”. Mnazi ni Cocos nucifera, ambapo nucifera ni “izaayo kokwa”. Kuanzia mwaka 1935 hadi mwisho wa 2011, mmea mpya haukutambuliwa rasmi mpaka uelezwe kwa Kilatini. Tangu Januari 2012 maelezo yanaweza kuwa ya Kiingereza pia, lakini jina lenyewe bado hufuata umbo la Kilatini. Mwalimu wako, basi, hakujipinga: kwa kuwa maneno hayo hayabadilishwi tena na mazungumzo ya kila siku, sativa, neno linaloonekana katika majina mengi ya mimea, itaendelea kumaanisha “inayolimwa” kwa kila msomaji.

SWALI: Kwa nini Septemba, mwezi wa tisa, hutajwa kuwa na maana ya “saba”? (Msomaji)

JIBU: Mwaka wa kale wa Warumi ulianza Machi. Ukihesabu kuanzia hapo, Septemba ni wa saba (septem), Oktoba wa nane (octo), Novemba wa tisa (novem) na Desemba wa kumi (decem). Mwanzo wa mwaka ulihamia Januari, majina yakabaki. Julai na Agosti nayo yalikuwa majina ya hesabu, wa tano na wa sita, kabla ya kupewa heshima ya Julius Caesar na Augustus.

SWALI: Kiswahili kina maneno ya Kilatini? (Msomaji)

JIBU: Kinayo, ingawa karibu yote yamepitia mikono ya wengine. Kwa Wareno tulipata meza, kutoka mensa, na mvinyo, kutoka vinum. Kwa Waarabu tulipata dinari, kutoka denarius, sarafu ya fedha ya Warumi, na kasri, ambalo wanaisimu wengi hulihusisha na castrum, yaani ngome au kambi ya jeshi. Shule tuliipokea kwa Wajerumani. Wao waliitoa kwenye schola ya Kilatini, na Warumi nao walikuwa wameiazima kwa Wagiriki.