Jumapili yangu ningeipeleka kwenye mabwawa ya Limburg

Swali lenu la wiki liliuliza hivi: "Ukipewa Jumapili moja na baiskeli moja, ungeenda wapi, na kwa nini?" Ninaishi Hasselt, mashariki mwa Ubelgiji, na jibu langu liko karibu na nyumbani. Ningeenda De Wijers, nyanda za mabwawa zilizoenea kati ya Hasselt, Genk, Zonhoven na manispaa nyingine nne za mkoa wa Limburg. Mabwawa yake yanapita elfu moja. Mengine ni mapana, ukisimama ukingoni huwatambui watu walio ng'ambo. Mengine ni madogo kiasi kwamba mtoto akirusha jiwe linaangukia upande wa pili. Katikati kuna matuta, misitu ya misonobari, malisho ya ng'ombe, na njia ambazo gari haliruhusiwi kupita.

Hizo njia ndizo sababu yangu. Maji na ndege nitawafikia, lakini kwanza magari.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikiwasaidia akina mama wenzangu kujifunza baiskeli ukubwani. Wengi tunazungumza Kiswahili: wapo waliotoka Bukavu na Uvira, wapo wa Bujumbura, tupo sisi wa Tanga. Tulikokulia, baiskeli ilikuwa ya baba, ya kaka, ya muuza samaki. Msichana alipakiwa nyuma kwenye keria. Huku tunamkuta bibi mwenye mvi tele anakwenda sokoni kwa baiskeli na kikapu chake mbele, nasi tunatamani. Kujifunza kukaa juu ya tandiko si kazi kubwa, uwanja wa shule unatosha. Kazi inaanza siku ya kutoka getini. Lori likipita ubavuni mikono inakakamaa, macho yanaacha njia na kutazama gurudumu la lori, na baiskeli hufuata macho. Nimewaona wanawake hodari, waliovuka mipaka na watoto mgongoni, wakishuka na kuikokota baiskeli mpaka nyumbani kwa sababu ya basi moja. Kwa mtu aliyezoea barabara, njia isiyo na magari ni mandhari nzuri tu. Kwa mama anayejifunza, ndipo mahali pa kwanza anapoweza kuinua uso na kuangalia alipo.

Mabwawa haya yalichimbwa na watu. Kazi ilianza Zama za Kati, kwa kuwa ardhi ya hapa ni ya kichanga na yenye majimaji, haifai sana kwa nafaka, na Kanisa liliwakataza waumini nyama siku za mfungo. Samaki walihitajika. Watawa wa kike wa abasia ya Herkenrode, iliyoanzishwa karibu mwaka 1182 nje kidogo ya Hasselt, walikuwa miongoni mwa wenye mabwawa. Samaki aliyefugwa zaidi alikuwa karpi, anayevumilia maji yaliyotuama. Ufundi wake ni huu: bwawa la juu humwagia maji bwawa la chini yake, na kila moja lina mlango mdogo wa maji. Msimu wa kuvua ukifika mlango unafunguliwa, maji yanashuka taratibu, samaki wanakusanyika penye kina na kuchotwa kwa nyavu. Kazi hiyo haiwezekani bila tuta imara la kupita mtu na mkokoteni wake.

Matuta hayo, na vijia vya kando yake, ndivyo tunavyopita leo kwa baiskeli. Hayana mlima, maana tuta linafuata usawa wa maji. Hayaelekei popote ambapo mwenye gari ana haraka ya kufika. Mahali pengi kilichohitajika ni kulainisha njia na kusimika nguzo moja katikati ya mlango wake: baiskeli inapita, gari linabaki nje. Nguzo moja! Nikisikia viongozi popote pale wakisema njia salama za baiskeli ni anasa ya nchi tajiri, huwa nawaza nguzo zile.

Kitu cha pili nipendacho ni namba. Mkoa huu ulikuwa wa migodi ya makaa ya mawe. Makaa yaligunduliwa mwaka 1901 katika kijiji cha As, na mgodi wa mwisho, wa Zolder, ulifungwa mwaka 1992. Ndiyo maana Genk imejaa familia zenye asili ya Italia, Uturuki na Moroko, na ndiyo maana sehemu za reli iliyobeba makaa leo ni njia za baiskeli. Mhandisi mmoja wa migodi, Hugo Bollen, ndiye aliyebuni utaratibu wa kuzipa namba njia panda za baiskeli, na Limburg ikauzindua mwaka 1995. Kila njia panda ina namba yake. Ukifika hapo unakuta kibao chenye ramani, na mishale inayokuonyesha namba za njia panda jirani. Unachofanya ni kupanga safari yako nyumbani, tuseme 12, kisha 47, kisha 30, unaandika kwenye kipande cha karatasi na kukibandika kwenye usukani. Huhitaji simu, huhitaji kujua Kiholanzi, lugha ya huku, huhitaji kumsimamisha mtu na kumuuliza njia. Ukichoka, unaangalia ramani kwenye kibao na kukata kona mapema urudi.

Fikirieni maana yake kwa mama ambaye hata lugha ya nchi bado inamsumbua. Anajua namba. Anatoka peke yake, bila mume wala mtoto wa kumtafsiria, na anarudi. Mtandao wa Limburg una takriban kilomita 2,000, na utaratibu huohuo umeenea Flanders nzima, yaani kaskazini mwa Ubelgiji, Uholanzi, na sehemu za Ujerumani. Katika vyote nilivyokutana navyo Ubelgiji, huu ninauheshimu sana.

Watalii wengi huja kwa jambo jingine kabisa. Mwaka 2016 ilifunguliwa njia inayopita ndani ya bwawa, katika eneo la Bokrijk huko Genk. Ina urefu wa mita 212 na upana wa mita 3, imezamishwa kati ya kuta mbili za zege, na maji yako kulia na kushoto, yanakaribia usawa wa macho yako ukiwa juu ya baiskeli. Bata maji anaelea pembeni yako, mnatazamana. Mwaka 2018 jarida la TIME liliiweka kwenye orodha yake ya mahali bora duniani. Ni nzuri kweli, na wanafunzi wangu wote huiomba. Ila mchana wa Jumapili yenye jua inafurika watu wanaopiga picha, wengine wamesimama katikati, na anayejifunza hulazimika kushuka. Nendeni kabla ya saa nne asubuhi, mpite polepole, kisha msonge mbele. Wanaoishia hapo na kurudi kwenye maegesho wameikosa De Wijers yenyewe.

Kwa hiyo Jumapili yangu ingekuwa hivi. Treni ya Hasselt kwenda Genk ina kituo Bokrijk, basi hata mtu wa mbali hana haja ya gari. Ningeshuka hapo, nipite njia ya majini pakiwa bado pametulia, kisha nifuate namba kuelekea magharibi, upande wa Zonhoven, ambako mabwawa yanafuatana moja baada ya jingine na matete yamesimama pande zote. Hapo ndipo pa kwenda taratibu. Kuna ndege wa jamii ya yangeyange, rangi yake kama matete makavu, wenyeji wanamwita roerdomp. Kumwona ni bahati, lakini majira ya kuchipua sauti yake nzito inasikika mbali sana, huwezi kuamini imetoka kwa ndege. Mwezi Mei jioni kuna vyura wadogo wa kijani wapandao vichakani, viumbe adimu katika nchi hii, na mabwawa haya ni miongoni mwa makimbilio yao. Yangeyange wakubwa weupe nao wapo. Mama mmoja alipowaona mara ya kwanza alisimama ghafla akasema, "Hawa si wa kwetu hawa?" Tukakaa hapo muda mrefu, hakuna aliyetaka kuondoka.

Kutoka huko ningeteremka mpaka Herkenrode, nipumzike kwenye majengo ya abasia na kula kipande cha vlaai, keki ya matunda ya Limburg ambayo ya cheri ndiyo kiboko yao, halafu nirudi mjini kando ya mfereji wa Albert. Kingo za mfereji ni tambarare na zimenyooka, na ukiwa umechoka upepo wa nyuma unakusukuma. Wa mbele ni habari nyingine, kwa hiyo angalieni mwelekeo wa upepo kabla ya kuchagua upande wa kuanzia.

Sitaki mtu aje akidhani kila mita haina gari. Haiko hivyo. Kati ya kipande kimoja cha mabwawa na kingine unaingia kwenye vijia vya mashambani ambako trekta na wakazi wanaruhusiwa. Kuna pia mitaa ya baiskeli, ambayo sheria ya Ubelgiji inaitambua tangu 2012: gari linaingia, lakini haliruhusiwi kuipita baiskeli wala kuzidi kilomita 30 kwa saa. Hiyo si mibaya. Kinachoniuma ni pale njia tulivu inapokatwa na barabara kubwa. Mtu ametoka kwenye saa nzima ya utulivu, ghafla anatakiwa kukadiria mwendo wa magari yanayotoka pande mbili. Mimi huwashusha wote. Tunavuka kwa miguu, baiskeli mkononi, mmoja wetu akiangalia kushoto na mwingine kulia, na tunahesabiana ng'ambo. Baadhi ya mahali pamewekwa daraja au njia ya chini, na tofauti inaonekana papo hapo: watoto wanapita wenyewe na hakuna mzazi anayepiga kelele.

Kama mna nafasi ya kufikisha maoni ya wasomaji popote, fikisheni hili langu. Fedha zikipatikana tena Limburg, zisiende kwenye kivutio kingine cha kupigwa picha. Ziende kwenye makutano hayo, moja baada ya jingine, kuanzia yale yaliyo karibu na shule.