Hb 8 haisemi chanzo

Dada umeuliza kama Hb 8 ya mtoto (Hb ni hemoglobini, kipimo cha wingi wa damu) inamaanisha hali mboga za majani. Hapana, haimaanishi hivyo moja kwa moja. Inakwambia damu imepungua tu, haisemi imekwenda wapi. Kabla ya dawa ya kuongeza damu apimwe malaria, choo (minyoo ya safura hunyonya damu kimyakimya) na selimundu (ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu). Huku kwetu Tanga vyote vipo, na mtoto mmoja anaweza kuwa na viwili kwa pamoja. Omba na FBP (kipimo cha picha kamili ya damu): chembe nyekundu zikiwa ndogo, mara nyingi ni upungufu wa madini chuma, ingawa talasemia (ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi) nayo hufanya hivyohivyo. Nipo maabara, nayaona haya. Ila akihema haraka au viganja vimekuwa vyeupe, mpeleke leo leo.