Ungamo lisilotaja kiasi

Swali lenu la wiki hii limeuliza: "Je, Mkristo anaweza kumficha mwenzi wake ukweli ili kulinda amani ya nyumba?" Nimelisoma likanikaa rohoni. Mambo ya ndani ya ndoa nawaachia wachungaji na waliokaa ndoani miaka mingi. Ninachokijua ni upande wa kanisa: mtu akishasema uongo, tena uongo wenye fedha ndani yake, ukweli unarudi kwa njia gani. Hapo ndipo tunapoharibu. Kulia na kuimba tunajua, kuhesabu hatutaki.

Msimamo wangu nautaja mapema. Uongo mdogo haupo, na aliyelikosea kusanyiko aseme mbele ya kusanyiko.

Liko shauri moja ambalo wazee wa usharika hawalisahau. Kikundi cha akina mama cha kufa na kuzikana, wanachama 25, kila mmoja akitoa shilingi 2,000 kila Jumapili baada ya ibada. Hizo ni 50,000 kwa wiki. Utaratibu ulikuwa ule ule mnaoujua: watu wawili wanahesabu, wanaandika kwenye daftari, wote wawili wanatia sahihi, Jumatatu fedha zinakwenda benki. Katibu akahamia kwa mwanawe aliyejifungua, na kwa miezi kadhaa mhazini akabaki kuhesabu peke yake. Hapo mlango ulifunguka. Sisemi mama yule alikuwa mwizi tangu mwanzo. Nasema sahihi ya pili ndiyo inayomlinda mtu mwaminifu abaki mwaminifu, na kikundi kilichoiacha kina sehemu yake katika kosa.

Jumapili moja, wakati wa shuhuda, mhazini alishika kipaza sauti akasema amekosa mbele za Mungu na mbele ya wenzake, anaomba asamehewe. Basi, hakuongeza neno. Kwaya ikapokea kwa wimbo, wenzake wakamkumbatia, mchungaji akaomba. Watu wakarudi makwao wamefurahi. Lakini waliomsamehe hawakujua wamesamehe nini. Wapo waliodhani ni masengenyo, wapo waliodhani ni ule ugomvi wake na katibu. Wiki mbili baadaye mwanachama mmoja akafiwa, kikundi kikahitaji 300,000 za msiba, na benki hazikuwepo. Hasira iliyozuka ilizidi ile ambayo ingezuka siku ya kwanza, kwa sababu sasa watu walijiona wamechezewa mbele ya madhabahu. Msamaha wao ulichukuliwa kwa bei wasiyoambiwa.

Wazee wakakaa naye jioni tatu. Daftari upande huu, kitabu cha benki upande ule, wiki kwa wiki kwa miezi 14. Wiki 11 zilikuwa kwenye daftari, benki hazikufika: 550,000. Kisha faini za kuchelewa, zilizoandikwa kwa penseli pembeni mwa ukurasa na ambazo hakuna aliyezikumbuka: 50,000. Jumla 600,000. Yeye mwenyewe alikuwa akikadiria kama laki tatu, na naamini hakuwa akidanganya. Mtu anayechukua kidogo kidogo huacha kujumlisha mapema sana. Ndiyo maana nasema toba ya fedha ianze na kalamu: bila karatasi, hata anayetaka kusema kweli atasema nusu.

Kisha likaja swali la kiasi cha kurudisha. Walawi 6 na Hesabu 5 zinasema anayekiri arudishe kitu chenyewe kwa ukamilifu, aongeze sehemu ya tano juu yake. Ya tano ya 600,000 ni 120,000, jumla 720,000. Mzee mmoja akataka mara nne, akimtaja Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19 aliyeahidi kurudisha mara nne. Hapa inafaa tusome vizuri. Katika Kutoka 22 mwizi wa kondoo aliyemchinja au kumwuza analipa wanne, na wa ng'ombe analipa watano. Hiyo ni hukumu ya aliyepatikana. Sehemu ya tano ni ya aliyejitokeza mwenyewe. Zakayo hakuna aliyemkamata, lakini alijipangia adhabu ya aliyekamatwa, tena baada ya kutoa nusu ya mali yake kwa maskini. Pigeni hesabu: akiwa na 100, inabaki 50, na 50 inatosha kulipa mara nne ya 12 na nusu tu. Ikiwa zaidi ya sehemu moja ya nane ya mali yake ilikuwa ya dhuluma, siku ile alifilisika. Hayo mtu huyachagua mwenyewe. Mwingine hana ruhusa ya kumchagulia. Wazee wakasimama kwenye sehemu ya tano.

Wapo waliotaka fungu la mama huyo katika zile 600,000, yaani 24,000, likatwe kwenye deni, kwa kuwa naye ni mwanachama. Likakataliwa: deni ni la mfuko, na mfuko ni wa wote. Akalipa 60,000 kila mwezi kwa miezi 12, safari hii kwa sahihi mbili. Wanachama walipoamua kugawana mfuko na kuanza upya, kila fungu la fedha hizo likawa 28,800. Mmoja alikuwa amefariki, fungu lake likaenda kwa binti yake mkubwa, maana Hesabu 5 inamtaja jamaa wa karibu kabla ya kumtaja kuhani. Mwingine alikuwa amehamia Mwanza, akatumiwa kwa simu, na ada ya kutuma ikatoka kwa mkosaji. Shilingi chache, lakini ukimtumia mtu haki yake ukaikata ada ndani yake, bado hujamrudishia.

Wanaosema hizi ni sheria za kale wamsome tena Petro katika Matendo 5. Anamwambia Anania wazi kwamba shamba lilikuwa lake, na hata baada ya kuuzwa thamani ilikuwa mikononi mwake. Angeweza kuleta robo akasema ni robo. Kosa lilikuwa kuleta sehemu na kuiita yote. Safira akaulizwa kiasi, akapewa nafasi ya kutaja, akajibu, "Naam, kwa thamani hiyo." Walikuwa mume na mke, wamepatana.

Na hapo ndipo swali lenu linaponirudia, kwa sababu kuna jambo la shauri lile nimelipita haraka. Fedha zile zilikwenda kwenye karo ya mtoto. Mumewe alikuwa akiamini karo imelipwa kwa kahawa. Kahawa ilikuwa imelipa kidogo msimu ule, mama akaogopa kumwambia, akasema imetosha. Uongo wa kwanza ulisemwa mezani, kwa ajili ya amani ya nyumba. Daftari lilikuja baadaye. Na mume alisikia habari ile kanisani, katikati ya watu, siku ya kipaza sauti, bila kujua maana yake. Alichoambiwa na majirani baadaye kilimuumiza kuliko fedha.

Kwa hiyo nalegeza nilichosema mwanzoni. Kusanyiko lina haki ya kuujua ukweli, ila si la kwanza. Wazee wa Uamsho, ule uliotoka Gahini kule Rwanda na Uganda miaka ya 1930 ukavuka kuingia Kagera, walisisitiza kutembea nuruni, yaani kuishi bila kuficha dhambi, na watu wakarudisha vitu walivyoiba. Lakini wenye busara kati yao walimwendea aliyekosewa mwenyewe. Festo Kivengere, aliyefundisha Dodoma na baadaye akawa Askofu wa Kigezi huko Uganda, alisimulia mara nyingi jinsi alivyopanda baiskeli maili 50 kwenda kumwomba radhi Mwingereza mmoja ambaye yeye Festo alikuwa akimchukia. Maili 50, kwa mtu mmoja. Mama yule angeanza na mumewe, mlango umefungwa, kisha viongozi wa kikundi wakiwa na daftari, kisha wanachama 25 na kiasi kikitajwa. Usharika mzima haukuhitaji kusikia kabisa.

Basi jibu langu kwa mliyouliza: kusema uongo, hapana. Kuchelewesha ukweli kwa siku chache mpaka mwenzio atulie, nakubali, ilimradi muda huo usifikie siku ya kulipa kitu kwa fedha isiyo yenu. Na kama nyumbani kuna kipigo, dada asiende kusema peke yake usiku kwa sababu mimi au mchungaji tumesema ukweli ni lazima. Hapo kunyamaza kwanza sikuiti uongo. Aende mchana, na mshenga wao au mke wa mchungaji, akiwa na stakabadhi ya karo mkononi, ili mazungumzo yaanze na kiasi.